Kuipima Picha Ndogo ya Majira ya Kuchipua

Picha bora ya mandhari iliyochorwa nje mashambani inaweza kuwa ndogo kama daftari la shule. Wauza turubai wa Ufaransa walikuwa na vipimo vyenye namba, na namba 1 ilikuwa sentimita 22 kwa 16 tu. Anayeingia jumba la makumbusho kwa mara ya kwanza huzipita picha za namna hii mbiombio, akielekea kwenye zile kubwa zenye fremu za dhahabu. Naandika haya ili apunguze mwendo. Picha ndogo za rangi za mafuta, hasa zilizochorwa Ulaya kati ya Machi na Mei, zina namna yake ya kupimwa, na baadhi yake nazithamini kuliko turubai zinazojaza ukuta. Kipimo changu kikuu ni hiki: je, picha inaniambia ni saa ngapi, na ni wiki gani ya msimu?

Udogo wake unatokana na siku yenyewe ya mchoraji. Anaamka, anatoka nje kuangalia mawingu yanatoka upande gani, anabeba sanduku lake na kwenda hadi mahali alipopachagua jana. Majira ya kuchipua huko hayatabiriki: asubuhi mvua ya mawe, saa nne jua, mchana upepo wa baridi unaotia vidole ganzi. Mwanga wa aina moja haukai. Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake cha mwaka 1800 cha kuwafunza wachoraji wa mandhari, alishauri zoezi la nje lisizidi saa mbili, na jua likiwa linachomoza au kuzama, nusu saa tu. Kwa muda huo hakuna awezaye kujaza turubai ya mita mbili. Karatasi ndogo inajazika.

John Constable (1776–1837), mtoto wa mwenye vinu wa kijiji cha East Bergholt, mkoani Suffolk, Uingereza, alichora ameketi, sanduku la rangi mapajani, karatasi ikiwa imebanwa ndani ya kifuniko. Kwenye pembe za baadhi ya picha zake matundu ya pini yanaonekana hadi leo. Rangi za zama zake ziliuzwa ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Mchoraji alitoboa na kukamua. Tyubu ya bati ilikuja mwaka 1841, kazi ya John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, na hapo kutembea na rangi kukawa rahisi. Charles-François Daubigny aliigeuza mashua kuwa studio mwaka 1857 akawa anachora akiwa juu ya mto Oise. Camille Pissarro alihamia Éragny mwaka 1884, akaendelea kuchora miti ileile ya matunda na malisho yaleyale karibu hadi mwisho wa maisha yake. Kurudia mahali pamoja namna hiyo ndiko kunakomfundisha mchoraji tofauti ya Jumatatu na Alhamisi.

Sasa tuisogelee picha. Anza na vivuli. Vyote viwe vinaelekea upande mmoja na vina urefu unaolingana na saa. Mchoraji aliyeng'ang'ania mahali pamoja tangu asubuhi hadi saa saba mara nyingi hujisaliti: kivuli cha nyumba ni kirefu na cha ubaridi, kile cha mti kifupi, na mwanga juu ya majani hautoki kwenye jua lolote. Kisha fumba macho nusu. Picha nzuri bado inasimama: anga, ardhi iliyolala na miti iliyosimama vinabaki kuwa madoa matatu au manne makubwa, kila moja na uzito wake wa mwanga na giza. Kwa kawaida anga ndilo jeupe kupita yote, ardhi inafuata kwa kuwa inapokea mwanga kutoka juu, na miti ndiyo yenye giza. Picha dhaifu huvunjika ikawa vipande vidogovidogo vyenye kung'aa sawasawa, na jicho halijui litue wapi.

Kijani ndicho kinachowashinda wengi, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu. Aliyewahi kuitazama milima ya Usambara wiki chache baada ya mvua kuanza anajua kwamba kijani kina jamii kubwa: cha mgomba si cha muhindi, na cha jani changa la muembe kinaanza kwa wekundu. Ulaya ni vivyo hivyo, ila mambo yote hutokea ndani ya majuma machache. Mwerebi hutangulia kwa umanjano. Mwaloni hufungua majani yenye rangi ya shaba iliyochanganyika na manjano. Mti uitwao ash huweza kuwa mtupu hadi Mei, wakati majirani zake wamekwisha kuvaa. Kabla ya majani yoyote, machipukizi huufanya msitu wa mbali uwe na ukungu wa zambarau au wekundu, na ardhi iliyotoka kulimwa, ikiwa bado na unyevu, huwa ya kahawia inayoelekea urujuani. Vivyo hivyo maua. Mpea hutangulia kuchanua, maua yake meupe kabisa. Mtofaa hufuata, maua yake yana uwaridi na hutoka pamoja na majani. Kuna kichaka cha miiba kinachochanua mapema kwenye matawi meusi matupu, na kingine kinachochanua Mei kikiwa tayari na majani. Mchoraji aliyevichanganya hivi viwili alichora nyumbani kwa kumbukumbu, hata kama sahihi yake ni ya mtu maarufu.

Kwa hiyo tafuta idadi ya vijani. Kama kuna kimoja tu, kilichotiwa nyeupe kwa mbali na nyeusi kwa karibu, picha hiyo iache. Kijani kikali cha krome kilipewa hataza Ufaransa mwaka 1859, na tangu hapo shamba la kubuni likawa rahisi kutengenezwa: unakamua tyubu, unapaka. Mchoraji makini hukituliza kwa nyekundu kidogo, au huacha rangi ya chini ifanye kazi hiyo. Constable mara nyingi aliitayarisha karatasi kwa rangi ya kahawia au ya udongo mwekundu, kisha akapaka kijani bila kuifunika yote. Sogea karibu na mojawapo ya picha zake ndogo uone: katikati ya miguso miwili ya kijani pana mstari mwembamba wa ule wekundu wa chini, usiofikia unene wa ukucha, na ndio unaofanya nyasi zionekane zina unyevu na uhai. Ukirudi nyuma hatua tatu mstari unapotea, ila kazi yake inabaki.

Tazama pia tawi linapokutana na anga. Aliyechora kwa kikao kimoja alipitisha brashi yenye rangi ya tawi juu ya anga bichi, na brashi ikazoa kidogo ile buluu au kijivu, hivyo tawi linaanza jeusi na kuishia limefifia. Ukingo mkali, uliokatwa kama kwa mkasi, mara nyingi unaonyesha tawi lililoongezwa rangi ya anga ikiwa imekauka. Hilo peke yake si kosa, ila ukilikuta kila mahali, mashaka yana haki. Na yale matundu ya anga katikati ya majani yawe na giza kidogo kuliko anga lililo wazi, kwa sababu vijitawi vinavyoyazunguka hupunguza mwanga wake. Anayeyapaka kwa nyeupe ileile ya anga anapata mti uliotobolewa risasi.

Kingine ninachokidai ni ujuzi wa maisha ya pale. Kuna picha ya Constable ya uwanda wa East Bergholt wakati wa kulima, yenye kinu cha upepo chini ya mawingu yanayokimbia. Imechorwa juu ya ubao wa sentimita 19 kwa 36 hivi. Constable alikuwa amefanya kazi katika vinu vya baba yake kabla ya kuruhusiwa kuwa mchoraji, na huko mtu hujifunza kulitazama anga, maana upepo ukimpita bila yeye kuwa tayari, unga hausagwi. Mdogo wake Abram, aliyeendesha biashara ya familia, alisema kwamba vinu vya John angeweza kuona vinazunguka, jambo ambalo hakuliona kila mara katika vinu vya wachoraji wengine. Basi uliza kila kitu ulichokiona kwenye picha kama kingefanya kazi: lango lingefunguka? Maji yangeteremkia wapi? Mkulima yule anaweza kweli kugeuza farasi pale?

Miaka nayo hufanya yake. Vanishi ya zamani hugeuka manjano na kuifanya Aprili ifanane na Oktoba, kwa hiyo usiihukumu rangi kabla hujaona mahali palipofunikwa na ukingo wa fremu. Rangi nyingine hufifia zenyewe. Vincent van Gogh alichora bustani za matunda zilizochanua huko Arles mwaka 1888 akitumia wekundu usiostahimili mwanga, na baadhi ya maua yaliyokuwa ya waridi leo ni meupe. Madhara yanayonisikitisha zaidi ni ya mkono wa binadamu: turubai iliyobandikiwa kitambaa kipya kwa nyuma kwa pasi ya moto, hadi miguso minene ya rangi ikalala. Iangalie picha kutoka ubavuni, mwanga ukipita juu yake. Kama hakuna mwinuko hata mmoja katika mawingu ambayo yalipakwa kwa nguvu, kilichobaki ni sura bila mkono. Taa ya urujuanimno nayo husaidia, kwani viraka vya rangi vilivyoongezwa baadaye huonekana vyeusi.

Ukitaka kununua, omba fremu itolewe na ugeuze picha. Constable aliandika nyuma ya mazoezi yake ya mawingu ya Hampstead, ya miaka ya 1821 na 1822, tarehe, saa na upepo uliovuma. Maandishi ya namna hiyo yana uzito kuliko sahihi iliyo mbele, ambayo yeyote angeweza kuiongeza. Chembe za mchanga au mabaki ya mdudu kwenye rangi pia ni ushahidi mzuri: mchanga umo katika picha ya Claude Monet ya ufukwe wa Trouville ya mwaka 1870, na kipande cha panzi kimekutwa katika mizeituni ya Van Gogh. Na kwa walio London, mwaka 1888 Isabel, binti yake Constable, alilitunukia jumba ambalo leo ni Victoria and Albert Museum picha nyingi zilizobaki mikononi mwa familia. Kuingia ni bure. Nenda siku ya kazi asubuhi, chagua picha moja tu, na uanze na vivuli.