Mkono wa Mwandishi Mdogo

Kibao cha tatu cha kisa cha Atrahasis kinapofikia tamati, maji ya gharika yamekwisha kukauka na miungu wamepatana. Chini ya mstari wa mwisho pana maneno machache yasiyowahusu miungu hata kidogo. Ni hesabu: kibao hiki kina mistari 390, na vyote vitatu kwa jumla mistari 1,245. Kisha linatajwa jina la aliyeandika, ambalo wataalamu wa leo hulisoma Ipiq-Aya, na cheo chake: mwandishi mdogo. Aliishi zama za Ammi-saduqa, mfalme wa Babeli, katika karne ya 17 K.K. Chukua mistari ya vibao vyake, 416, 439 na 390, uijumlishe mwenyewe. Hesabu inakubali.

Wasomaji wa tenzi za Lamu na Pate wataitambua desturi ya mtunzi kujitaja mwishoni. Ila mtunzi wetu huomba dua, na huyu wa Babeli anatoa hesabu kama mtunza ghala anayekabidhi funguo. Wenzake wengine waliongeza laana: atakayeiba kibao, mungu jua Shamash amnyang'anye macho.

Visa vya miungu wa kale vinapotajwa, sifa huenda kwa Enlil na ukali wake, kwa Ishtar na mapenzi yake ya hatari, kwa Gilgamesh aliyekwenda kuutafuta uzima mwisho wa dunia. Mimi sifa zangu nawapa waliokaa kitako na bua la tete mkononi. Enlil hana tena hekalu wala kuhani. Kama tunamjua leo, tunamjua kwa sababu kuna watu waliomnakili, kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kazi yenyewe ilianzia matopeni. Udongo wa mito ya Frati na Hidekeli ulisafishwa changarawe na majani, ukakandwa, ukafinyangwa kuwa kibao, mara nyingi cha kutosha kiganjani. Tete lilikatwa ncha, na ncha hiyo haikuchora. Ilikandamiza, ikaacha alama ya kabari, kichwa kipana na mkia mwembamba. Kabari mbili tatu, au kumi na zaidi, zilifanya herufi moja, na herufi zilikuwa mamia. Udongo haumsubiri mtu. Ukikauka kabla hujamaliza, umeharibu. Ukiwa rojo mno, kabari zinafumbana. Upande wa mbele ukijaa, kibao kiligeuzwa juu chini, si kama tunavyofungua ukurasa, na maandishi yakaendelea nyuma. Katika vibao virefu, pembeni mwa kila mstari wa kumi iliwekwa alama ya kumi, ili anayekagua asipotee. Kisa kikizidi kibao kimoja, mwishoni waliandika mstari wa kwanza wa kibao kinachofuata.

Mafunzo yalianza utotoni. Katika mji wa Nippur, wachimbaji wa miaka ya mwanzo ya 1950 walifukua nyumba ndogo ya karne ya 18 K.K. iliyojaa vipande zaidi ya elfu moja vya kazi za wanafunzi. Vingine vilikuwa vimetumika kujengea, na palikuwa na mahali pa kulowekea vibao vya zamani ili udongo ufinyangwe upya. Watoto hao walinakili Kisumeri, lugha ambayo hakuna mama aliyekuwa akiwabembelezea tena. Tungo nyingi za shule zilimalizika kwa kumsifu Nisaba, mungu mke wa uandishi. Imebaki pia hadithi ya mzaha kuhusu mwanafunzi aliyechapwa kutwa nzima, mara kwa kuongea, mara kwa mwandiko mbaya, hadi baba yake alipomwalika mwalimu nyumbani, akamlisha na kumpa zawadi. Baada ya hapo kijana akasifiwa sana. (Karibu miaka elfu nne, na ualimu haujabadilika kiasi tunachodhani.)

Walichokinakili kilistahili mateso hayo. Kisa cha Atrahasis kinaanzia siku ambazo binadamu hawajawapo na miungu wadogo ndio wanaochimba mifereji. Kazi ikawachosha. Wakachoma moto majembe na vikapu vyao, wakaizingira nyumba ya Enlil usiku. Mgomo, kwa neno la leo. Suluhu ikapatikana kwa Enki, mungu wa hekima: mungu mmoja akachinjwa, nyama na damu yake zikachanganywa na udongo, na mungu mama akaumba mtu, ili mtu ndiye abebe kikapu. Hapa naona mkono wa fundi. Watu walioshika udongo mbichi kila asubuhi walijua jinsi unavyopokea alama na kuihifadhi, na kisa chao kinamfanya binadamu mwenyewe kuwa kazi ya udongo.

Baadaye watu wanazaana, kelele zao zinamkosesha Enlil usingizi, naye analeta tauni, ukame, na mwisho gharika. Lakini watu wakifa, nani atatoa sadaka? Miungu wanashinda njaa. Atrahasis, aliyeokoka gharika ndani ya chombo, anapotoka na kuteketeza sadaka, wanaikusanyikia harufu, na mtungaji anawafananisha na nzi. Fikiria: waandishi wengi walikula mkate wa mahekalu na majumba ya wafalme, ambao nao waliishi kwa heshima ya miungu haohao. Hata hivyo nzi hawakufutwa. Wamo pia katika utenzi wa Gilgamesh, kibao cha 11, mamia ya miaka baadaye.

Lakini kinachonifanya niivulie kofia kazi hii ni jambo dogo zaidi. Mwandishi alipokuwa akinakili kibao cha kale akakuta kimemeguka, aliandika hapo, kwa herufi ndogo, kwamba pamevunjika. Kama ufa ulikuwa wa karibuni, alisema hivyo pia. Mtu aliyekisoma kisa hicho tangu utoto bila shaka angeweza kulijaza pengo, na nani angemkamata? Mwishoni akathibitisha kuwa nakala imefuata asili yake na imekaguliwa. Sisemi kwamba visa havikubadilika. Gilgamesh alisimuliwa kwa namna nyingi kabla ya utenzi wa vibao 12 ambao Wababeli waliuhusisha na jina la Sin-leqi-unninni. Huyo alifanya kazi ya mtungaji. Mnakili alikuwa na kazi nyingine, na aliujua mpaka wake.

Uaminifu huo ulimfaa hata mfalme. Ashurbanipal wa Ashuru, aliyejisifu kwamba anajua kusoma, alikusanya vibao vya Babeli na kuvijaza Ninawi. Mwaka 612 K.K. mji ukachomwa. Mbao zilizopakwa nta, ambazo nazo ziliandikiwa, ziliungua. Udongo ukaokwa ukawa mgumu zaidi. Mwaka 1853 Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, alilifikia jumba la Ashurbanipal na sehemu ya hazina hiyo. Vibao vikapelekwa London. Miaka 19 baadaye George Smith, aliyejifunza ufundi wa kuchonga noti za benki na hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, akasoma humo habari za gharika. Alizitangaza tarehe 3 Desemba 1872, Waziri Mkuu Gladstone akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwaka uliofuata gazeti moja lilimlipia safari ya Ninawi, naye akapata kipande alichodhani kinaziba pengo la Gilgamesh. Baadaye ikabainika kwamba kilikuwa cha kisa cha Atrahasis. Smith alifariki mwaka 1876 karibu na Aleppo, akiwa na umri wa miaka 36.

Kazi hiyo haijakwisha. Mwaka 2011 makumbusho ya Sulaymaniyah, Iraki, yalinunua kibao kilichokuwa mikononi mwa walanguzi. Kilipochapishwa mwaka 2014, kiliongeza mistari kama 20 kwenye kibao cha tano cha Gilgamesh: msitu wa mierezi wenye kelele za nyani na ndege, na Enkidu, rafiki wa Gilgamesh, anayesikitika kwamba wameugeuza msitu huo kuwa jangwa. Hakuna aliyekuwa ameyabuni hayo katika karne moja na nusu ya kukisia. Sehemu kubwa ya utenzi bado haijapatikana, na wahariri makini huweka mabano na nukta mahali ambapo mnakili wa Babeli angeandika kwamba pamevunjika. Msomaji ukipewa Gilgamesh asiye na pengo hata moja, jua kwamba mapengo hayo yamejazwa na mtu wa zama zetu.