Tone Lililomezwa na Mizani

Jikoni kwa shemeji yangu, Leicester, dirisha hufungwa kwanza. Si kwa ajili ya baridi. Upepo ukipita kidogo tu juu ya mizani yake, tarakimu huanza kucheza, 0.01, 0.03, kisha sifuri tena, naye hakubali kuanza kazi na mizani inayobabaika.

Alivuta sigara tangu yuko Mombasa. Siku hizi anavuta ya umeme, na maji yake huyachanganya mwenyewe. Mimi sivuti, wala simpigii mtu debe. Nikotini ni sumu, na yeye ndiye wa kwanza kuisema: vichupa vyake vimo kabatini kwa kufuli, na havigusi bila glavu. Ninachokwenda kutazama ni mikono.

Zamani alipima kwa bomba la sindano. Glisirini, iliyo sehemu kubwa ya maji hayo, ni nzito kama asali. Hupanda kwa kujivuta, huingia na mapovu, na nyingine hubaki imenata ndani ya bomba, hujui imetoka kiasi gani. Mizani ndogo inayosoma mpaka gramu 0.01 ilimaliza udhia huo. Chupa inakaa juu ya sahani, kila kitu kinaingia humo humo, na hakuna cha kuosha. Ila mililita hazilingani uzito: moja ya glisirini ni gramu 1.26, ya propilini glikoli, kimiminika cha pili, ni 1.04. Kwa chupa ya mililita 50, glisirini ikiwa asilimia 70, anatafuta gramu 44.1. Ameziandika kwa penseli kwenye daftari la shule.

Nikotini yenyewe huinunua katika vichupa vya mililita 10, maana sheria ya Uingereza ya 2016 hairuhusu kikubwa zaidi ya hapo, wala nguvu ya kupita miligramu 20 kwa mililita. Mililita saba na nusu humtosha chupa nzima. Inabaki na miligramu 3 kwa mililita.

Kisha ladha, na hapa ndipo ninaposogeza kiti. Tone moja lina gramu 0.02 au 0.03. Mizani nyingi za bei nafuu zina tabia ya kujirudisha kwenye sifuri zenyewe: ukishabonyeza sifuri, ukadondosha tone moja moja taratibu, hudhani ni mtikisiko tu, hulimeza lile tone na kuendelea kuonyesha 0.00. Alivyoharibu chupa nyingi kabla ya kuligundua hilo, hataki hata kukumbushwa. Sasa huanza na kile kizito, na baada ya hapo kitufe cha sifuri hakiguswi tena. Matone yanahesabiwa kutoka 44.1 kwenda juu, mbali na sifuri, ambako mizani haithubutu kudanganya. Embe 2.5, nazi 1. Krimu 0.5.

"Shem, hiyo krimu si siagi?"

Akanitazama vibaya. Siagi ya viwandani hupata harufu yake kwa diasetili, na mwaka 2000 ndipo ilipojulikana kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, walikuwa wameharibikiwa mapafu; baadaye ikabainika ni kwa kuivuta. Anasoma karatasi ya kila ladha kabla ya kuinunua, na chochote chenye mafuta hakivuki mlango. Mama yake hupika udi kwa jicho na pua, sukari ikigeuka rangi anajua. Lakini kosa la udi, anasema, ni moshi mbaya wa jioni moja.

Mwisho alijazia propilini glikoli, mkono umetulia juu ya chupa, pumzi ameibana. Hesabu ilitaka 59.5. Kioo kikasimama kwenye 59.6.

Akasonya, akachukua penseli, akaiandika.