Merlin Kwanza! Spitfire Mk.IXc ya Airfix kwa Kipimo cha 1/24

Jamani, tazameni injini kwanza! Mabawa yapo, mizinga ipo, chumba cha rubani kipo, na huko kote tutafika. Lakini mkilifungua kasha hili, nendeni moja kwa moja kwenye fremu zenye vipande vya injini ya Merlin. Mwaka 2022 kampuni ya modeli ya Airfix ilituletea Spitfire Mk.IXc kwa kipimo cha 1/24, vipande zaidi ya 400, na gundi haijafunguliwa bado mimi nimeshaamua: hii ndiyo modeli ya ndege ya kivita niliyokuwa naingoja.

Kwa wasiozoea vipimo vyetu, kila sentimita 24 za ndege halisi hapa zimekuwa sentimita moja. Spitfire ya Mk.IX ilikuwa na mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha; mezani utapata karibu sentimita 47, na urefu wa sentimita 39 hivi. Pimeni kabati mapema.

Kwa nini nang'ang'ania injini? Kwa sababu Mk.IX ni injini. Mwishoni mwa 1941 marubani wa Uingereza walianza kukutana na Focke-Wulf Fw 190 juu ya Ufaransa, na Spitfire Mk.V waliyokuwa nayo ikaonekana imepitwa. Mwezi Juni 1942 rubani wa Kijerumani, Armin Faber, alipotea njia akatua Pembrey, Wales, na Fw 190 yake nzima nzima. Waingereza wakaipima, wakathibitisha walilokuwa wanaliogopa. Hawakuwa na muda wa kubuni ndege mpya. Walichofanya, kazi ikiwa imeshaanza kabla ya Faber kutua, ni kuchukua kiwiliwili cha Mk.V na kukitia Merlin ya mfululizo wa 60, yenye supachaja ya hatua mbili: hewa inashindiliwa mara ya kwanza, inashindiliwa tena, kisha inapozwa kabla ya kuingia kwenye silinda, ili injini isiishiwe pumzi huko juu kwenye hewa nyembamba. Pua ikarefuka. Rafadha ikawa na mapanga manne badala ya matatu. Chini ya mabawa zikakaa rejeta mbili zinazolingana ukubwa, moja kila upande. Julai 1942 Skwadroni ya 64 pale Hornchurch ikaanza kuzirusha, na ndege iliyokusudiwa kuziba pengo tu ikaishia kutengenezwa zaidi ya 5,000.

Sasa yote hayo unayashika mkononi! Kwenye modeli ndogo za 1/72 injini hiyo unaambiwa ipo, ni imani tu. Kwenye 1/48 wengine wanakupa kipande cha juu. Hapa unaijenga yote: safu mbili za silinda sita sita, supachaja nyuma yake, mihimili inayoibeba, na eksozi sita kila upande. Ukimaliza una hiari ya kuacha boneti wazi ili watu waione, au kuzifunga ili upate ule mstari wa pua ambao hakuna ndege nyingine iliyowahi kuwa nao. Mimi naacha wazi. Kuifunika kazi kama hiyo ni kuinyima ndege hadithi yake. Atakayefunga namheshimu, ila ajaribishe boneti bila gundi mara nyingi kabla ya kupaka rangi. Kufunga mabati membamba juu ya injini iliyokamilika ni mahali ambapo modeli nyingi, za kampuni yoyote, hudai subira.

Na ngozi yake! Spitfire halisi haikuwa na ribiti za namna moja. Mbele na kwenye mabawa, pale hewa inapopita kwa kasi, ribiti zililazwa zikawa sawa na bati. Nyuma ya rubani kuelekea mkiani zilibaki na vichwa vya mviringo. Kwa kipimo kidogo ukiweka vichwa hivyo vinakuwa vipele. Kwa 1/24 vinakaa vilivyo. Pitisha kidole kutoka puani hadi mkiani utasikia mabadiliko hayo. Mabati yenyewe yanapandiana pale yanapopaswa kupandiana, wala hayakunyooshwa kama kioo. Ukiinamisha bawa chini ya taa, mwanga unacheza juu yake kama unavyocheza kwenye bati la paa saa za jioni. Rangi itakayopita juu ya ngozi hii, yaani kijivu cha bahari na kijani kilichokolea kwa juu, kijivu chepesi kwa chini, haitahitaji ujanja mwingi. Umbo litafanya kazi.

Chumba cha rubani nacho kinastahili jioni yake peke yake. Kumbukeni kiti cha Spitfire hakikuwa lazima cha chuma: vingi vilitengenezwa kwa karatasi iliyoshindiliwa na resini, vyenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kwa hiyo msikimbilie kijani cha ndani kila mahali. Usukani una mpini wa duara juu, na sehemu ya juu peke yake ndiyo inayolala kushoto na kulia, kwa kuwa magoti ya rubani hayana nafasi. Mlango mdogo uko kushoto. Kwa kipimo hiki hakuna pa kujificha, na ndiyo raha yenyewe. Ile herufi c kwenye jina, kwa anayeuliza, inataja bawa linaloweza kubeba silaha za namna mbalimbali. Mpangilio uliozoeleka ulikuwa mizinga miwili ya milimita 20 na bunduki nne za rashasha.

Habari za modeli hii zimewagawa wapenzi, na mgawanyiko wenyewe unanifurahisha. Wa kwanza wamelalama: Spitfire tena? Dunia ina ndege ngapi ambazo hazijawahi kupata kalibu nzuri, halafu mnatupa hii? Hoja hiyo naielewa, ila hapa siikubali. Airfix na Spitfire wametoka mbali. Mwaka 1953 ndege yao ya kwanza ya plastiki kuuza ilikuwa Spitfire, ndogo, iliyonakiliwa kwa kampuni ya Aurora ya Marekani, yenye herufi BTK ubavuni ambazo mafundi wa modeli wanazitaja hadi leo. Mwaka 1970 wakatoa Spitfire Mk.Ia ya 1/24, na rafadha yake ungeweza kuizungusha kwa mota ya umeme. Tangu hapo kipimo hicho kimekuwa shamba lao: Mosquito 2009, Typhoon 2014, Hellcat 2019. Kila moja ilikuwa na ujuzi zaidi kuliko iliyoitangulia. Kuirudia Spitfire baada ya kujifunza hayo yote ni deni waliloanza kulijenga miaka zaidi ya 50 iliyopita, na wamelilipa na riba.

Wa pili ni wenye vernia mkononi, wanaopima pua na kuhesabu ribiti. Wengi huwaona wasumbufu. Mimi nawapenda! Bila wao makalibu yasingekuwa bora hivi, na wakati huu naona hata wao wanaongea kwa sauti ya chini. Wa tatu wanailinganisha na Spitfire Mk.IXc ya Tamiya ya 1/32, iliyotoka 2009, ile yenye sumaku za kushikilia boneti. Hiyo ni modeli bora, sina la kuiondolea. Vipande vyake vinakaa kwa usahihi unaotia aibu wengine. Lakini Tamiya ni kama wamekuandalia kila kitu. Hii ya Airfix inakudai mikono yako zaidi, na inakulipa kwa ukubwa, kwa injini inayosomeka ukiwa umesimama mbali, kwa ngozi isiyo na mpinzani. Anayetaka modeli isiyomkosea abaki na Tamiya. Anayetaka kuijua Spitfire, ahamie huku.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa kwetu atalihisi kuliko wa London. Mwaka 1944, wakati Mk.IX zikiruka juu ya Normandy, vijana wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wanashuka bonde la Kabaw kule Burma, kwenye tope na malaria, kuelekea Kalemyo. Spitfire za mbingu ya Burma wakati huo zilikuwa Mk.VIII, ndugu wa tumbo moja na Mk.IX: Merlin ya supachaja ya hatua mbili hiyo hiyo, ila gurudumu la mkia hukunjwa ndani. Kumbe pua hii ndefu iliyo mezani kwangu ni ile ile iliyopita juu ya vichwa vya askari wetu. Makalibu ya kiwiliwili, injini na mabawa yapo tayari, kufika Mk.VIII ni hatua fupi. Airfix, ifanyeni! Itoeni na alama za kikosi cha Burma, na muweke kwenye kijitabu walau ukurasa mmoja unaosema ni askari gani waliokuwa wakitembea chini yake.

Kuhusu bei, si ya kununua bila kufikiri, na usafirishaji hadi Dar es Salaam au Mombasa utaiongeza. Changeni wawili watatu mkishindwa. Modeli hii ina kazi ya kuwatosha wote, mmoja kwenye injini, mwingine kwenye chumba cha rubani, wa tatu kwenye mabawa.

Uamuzi wangu: Mk.IX bora kuliko zote za plastiki nilizowahi kuzifungua, na Spitfire ninayompa kila mwenye msasa, gundi na subira. Anzeni na Merlin. Msiifunike.