Kimya cha Darasani ni cha Nani?

Siku hizi katika shule nyingi za Ulaya na Marekani watoto wadogo hufundishwa kuketi kimya kwa dakika chache, wakiangalia jinsi pumzi zao zinavyoingia na kutoka. Asili ya mazoezi haya ni dini ya Buddha, walakini shuleni hufundishwa pasipo dini. Wako wanaosema ya kuwa mtoto aliyezoea kutulia hivi atakuwa raia mwema. Hapo ndipo ninapoona shaka.

Huko Uingereza jambo hili lilipimwa katika shule 85, kwa watoto zaidi ya 8,000, nao walikuwa wakubwa kidogo, wa miaka 11 hata 14. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: waliofundishwa hawakuonekana kuwa na hali bora ya akili na moyo kuliko wenzao waliofuata masomo ya desturi. Ikiwa utulivu wenyewe haukuzidi, huo uraia utatoka wapi?

Kimya chenyewe sikilaumu. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba ya watoto maskini katika mtaa wa San Lorenzo, Rumi, mwaka 1907, alikuwa na somo la kimya, nalo ni jingine kabisa. Siku moja aliingia darasani na mtoto mchanga wa miezi minne, akawaonyesha watoto jinsi alivyotulia. Nao wakajaribu kumwiga, hata miguu isisogee. Kisha alisimama mbali nao, akawaita kwa kunong'ona, mmoja mmoja kwa jina lake, na kila aliyeitwa alikwenda kwa ncha za vidole asigonge kiti. Angalieni: kimya cha namna hiyo mtoto mmoja aweza kukivunja, bali mmoja hawezi kukifanya peke yake. Ni mali ya wote, kama kisima. Na yule aitwaye mwisho amewangoja wenzake wote. Lakini pumzi ya mtoto ni yake. Akiiangalia asiiangalie, jirani hana hasara.

Wala sisi tusijivune. Kimya cha shule zetu nyingi ni cha fimbo. Mwalimu akitoka, darasa lageuka soko. Mimi nami nimesifiwa na mkaguzi kwa kimya cha namna hiyo, nikanyamaza.

Mwaka huu nalijaribu lile somo la Rumi kwa watoto wa darasa la pili. Siku ya kwanza hatukufika nusu dakika, maana mmoja alicheka. Nilipoinua uso nimtafute, wenzake walikuwa wamekwisha kumgeukia, vidole midomoni.