Gitaa Likiiga Kaban: Noti Tano na Joto la Liboi

Mpigaji wa ridhaa aliyeko Liboi, pale barabara ya Garissa inapokaribia kuingia Somalia, kwa kawaida ana gitaa la mbao, nyimbo ndani ya simu na hana mwalimu. Anazozipenda ni za kaban, udi wa Wasomali. Je, gitaa linaziweza? Linaziweza, na kwa urahisi kuliko linavyoiweza taarabu.

Taarabu hufuata maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya freti mbili. Udi hauna freti, hivyo kidole huteleza hadi kinapotaka. Lakini qaraami, nyimbo za mapenzi za Kisomali zinazopigwa kwa kaban na zilizoshamiri tangu miaka ya 1940, kwa kawaida hutembea juu ya noti tano zisizo na nusu sauti: la, do, re, mi, sol. Noti hizo zote zimo shingoni mwa gitaa. Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alipiga kaban, gitaa na piano pia.

Weka kidole cha kwanza freti ya tano. Katika kila uzi utapata noti mbili: freti ya tano na ya nane kwenye nyuzi za mi zote mbili na uzi wa si, ya tano na ya saba kwenye zilizobaki. Ukishazoea hapo unaweza kufuata wimbo wowote wa aina hii kwa masikio tu.

Kinacholisaliti gitaa ni sauti yake nyembamba. Nyuzi za kaban hufungwa jozi jozi na hupigwa pamoja, ndiyo maana inanguruma. Dawa ipo kwenye freti ileile ya tano. Bonyeza uzi wa re hapo upate sol, kisha upige pamoja na uzi wa sol ulio wazi: noti moja, nyuzi mbili. Fanya hivyo pia kwa la, re na mi. Inayobaki peke yake ni do, kwa sababu jirani yake ni uzi wa si, na si haimo katika zile tano. Uzi huo uzibe kwa ncha ya kidole, la sivyo utachafua kila kitu. Joto la Liboi hulegeza nyuzi za chuma, na jozi zikipishana kidogo hutoa mtetemo ambao kwa maoni yangu unapendeza kuliko usahihi wa mashine ya kutunia. Zikipishana mno, basi tuni upya.

Tatizo kubwa liko kwenye mazoea. Aliyejifunzia gitaa kanisani au kwenye rumba huanza na kodi za do, fa na sol. Kodi ya fa ina noti ya fa, ya sol ina si, na zote mbili ni wageni hapa. Ukizipiga, wimbo unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Tumia noti mbili tu, la na mi, au uache la ya uzi wa tano ivume chini huku wimbo ukienda juu.

Kwa dhaanto, mdundo wa ngoma wa Wasomali, mkono wa kulia ndio wenye kazi: piga kwa ufupi kwenye pigo dhaifu, kisha ziba nyuzi mara moja. Rege nayo husisitiza pigo dhaifu, ndiyo maana Dur-Dur Band ya Mogadishu, katika miaka ya 1980, iliweza kuichanganya na rege bila mshono kuonekana.

Chagua wimbo mmoja wa Qarshe, uuimbe kwa mdomo mpaka uukariri, ndipo uchukue gitaa. Kodi ziache kwanza.