Milimita Tisa za Aina Tatu: Risasi za Bastola Mpya kwenye Ardhi ya Lava

“Milimita tisa” ni jina la risasi tatu tofauti. Kuna 9 × 17, ambayo wanaozungumza Kifaransa huiita 9 mm court. Kuna 9 × 18 ya bastola ya Makarov. Na kuna 9 × 19, iliyozoeleka kwa jina la Parabellum. Namba ya kwanza hukadiria kipenyo cha kichwa cha risasi. Ya pili ni urefu wa ganda, nayo ndiyo husahaulika pale masasi, kama yanavyoitwa katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo, yanapoagizwa kwa mdomo.

Tofauti zenyewe ni ndogo kwa jicho, kubwa kwa chuma. Kichwa cha Parabellum kina kipenyo cha milimita 9.01, cha Makarov milimita 9.27. Viwango vya Ulaya vinaruhusu shinikizo la bar 2,350 ndani ya chemba ya Parabellum, bar 1,600 kwa Makarov, na bar 1,350 tu kwa 9 mm court. Kichwa kipana kikisukumwa kwenye mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi ambacho chuma kilipimiwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwenye bastola mpya ni kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, mara nyingi pembeni mwa chemba, na kuyalinganisha na boksi la risasi. Kulinganisha risasi kwa kuzipanga mkononi hakutoshi.

Mashariki ya Kongo mkanganyiko huu una historia yake. Ubelgiji, iliyotawala Kongo hadi 1960, ni nyumbani kwa kiwanda cha FN cha Herstal, ambako zilitoka bastola za mbunifu John Browning: Modeli 1910, iliyotengenezwa kwa risasi za 7.65 na za 9 mm court, kisha GP 35 ya mwaka 1935, inayotumia Parabellum. Upande wa pili ziko bastola za Kisovieti, Tokarev na Makarov, pamoja na nakala zake za Kichina, Aina 54 na Aina 59. Mikondo hiyo miwili imekutana katika vita vya eneo hili, na kila mmoja una risasi zake. Tokarev ina mtego wa ziada: risasi yake ya 7.62 × 25 inafanana mno na 7.63 ya Mauser ya mwaka 1896, ila ina nguvu zaidi, na haifai kabisa kutiwa katika Mauser kuukuu.

Kitako cha ganda ndicho kitambulisho cha risasi. Kwa kawaida huchongwa alama ya kiwanda na mwaka, au kipimo cha risasi; duara lenye msalaba ndani yake ni alama ya NATO. Risasi za kibiashara zenye alama ya +P zimejazwa kwa shinikizo la juu kuliko kawaida, takribani asilimia 10 kwa Parabellum, na hazitumiki mpaka kitabu cha maelekezo cha bastola kiseme wazi kwamba inazimudu. Alama hizohizo zina kazi nyingine Kivu: wataalamu wa Umoja wa Mataifa, waliowekwa na azimio namba 1533 la mwaka 2004 kufuatilia vikwazo vya silaha nchini Kongo, hupiga picha vitako vya maganda ili kujua risasi zilitoka kiwanda gani. Kwa mnunuzi, ganda lisilosomeka ni sababu tosha ya kuikataa risasi.

Kwa mazoezi, inayofaa ni risasi ya risasi-madini iliyofunikwa yote kwa shaba, yenye kichwa cha mviringo. Ni nafuu, na huteleza vizuri kutoka magazini hadi chemba. Kichwa chenye tundu, kinachochanua kinapogonga, kilipigwa marufuku vitani na Azimio la Hague la 1899, ingawa polisi wa nchi nyingi hukitumia. Kwenye uwanja wa shabaha hakina faida yoyote ya kuhalalisha bei yake. Uzito wa kawaida wa kichwa cha Parabellum ni gramu 7.5 au 8. Bastola mpya hujaribiwa kwa zote mbili, na inayolisha bila kukwama ndiyo hubaki. Watu hubishana sana juu ya uzito huu. Kwa anayeanza, ubishi huo hauna maana kubwa kuliko kununua risasi za aina moja, za toleo moja, ili hitilafu ikitokea ijulikane imetoka wapi.

Jambo linalostahili ubishi zaidi ni fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako cha ganda. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, hasa za nchi za Mashariki, zina fataki za klorati ya potasiamu. Zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunyonya unyevu. Katika mji kama Goma, ulio kandokando ya Ziwa Kivu, mtutu ulioachwa bila kusafishwa baada ya risasi kama hizo hushika kutu haraka. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi: huanza maji ya moto, kisha kukausha, ndipo mafuta.

Uwanja wenyewe unaleta tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzii sana. Goma imekaa juu ya lava. Nyiragongo ilimwaga mkondo wake katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na ikateremsha mwingine kuelekea mjini tarehe 22 Mei 2021. Mawe meusi ya volkeno ndiyo kuta, ndiyo misingi, ndiyo barabara. Risasi ikigonga mwamba huo kwa pembe ndogo huteleza na kuendelea na safari, ikiwa imepinda na haijulikani inakoelekea. Ikigonga uso kwa uso hupasuka na kurusha vipande vyake pamoja na vya jiwe. Kwa hiyo ukuta wa lava nyuma ya shabaha, hata uwe mnene kiasi gani, hauhesabiki kuwa kinga. Kinachotakiwa ni tuta refu la udongo uliochekechwa mawe, au mifuko ya mchanga iliyopangwa tabaka kwa tabaka. Sakafu kati ya mpigaji na shabaha nayo hufunikwa udongo, kwa kuwa risasi ya chini hugonga hapo kwanza. Shabaha ziwe za karatasi au mbao laini. Bamba la chuma linaongeza hatari ileile ambayo lava imekwisha kuileta, na risasi yenye kiini cha chuma huizidisha.

Kanuni za kushika bastola zinafahamika: kila bastola huchukuliwa kuwa imejaa, mdomo wa mtutu hauelekezwi kwa kisichokusudiwa kupigwa, kidole hukaa nje ya kifyatuo hadi macho yawe kwenye shabaha, na kilicho nyuma ya shabaha hujulikana kabla ya kufyatua. Kwa Goma kanuni ya nne ndiyo nzito kuliko zote, maana nyumba haziko mbali.

Kifyatuo kikivutwa na risasi isilipuke, mtutu hubaki umeelekea kwenye tuta kwa angalau sekunde 30, kwani baruti huweza kuchelewa. Mlio dhaifu usio wa kawaida ni hatari kubwa zaidi. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Bastola huondolewa magazini, chemba hutolewa kilichomo, na mtutu huchunguzwa hadi mwanga uonekane upande wa pili. Masikio na macho hukingwa muda wote, kwa sababu mlio wa bastola hufikia desibeli 160. Mikono huoshwa kabla ya kula, kwa ajili ya vumbi la risasi-madini.

Risasi huhifadhiwa kwenye boksi lake la asili, mahali pakavu na pa ubaridi, chini ya kufuli, mbali na makazi kadiri wingi wake unavyoongezeka. Maghala yaliyolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, yote jijini Dar es Salaam, na Mpila, Brazzaville, mwaka 2012 yalikuwa ya jeshi, na waliokufa wengi walikuwa majirani. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, silaha na risasi zinasimamiwa na ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, nayo inadai kibali.

Mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yaliacha silaha na risasi zimetapakaa mitaani Goma. Risasi ya namna hiyo, iliyonyeshewa au kukanyagwa na isiyojulikana ilikopitia, haitiwi ndani ya bastola mpya wala kuukuu. Haiokotwi, huachwa ilipo, watoto huzuiliwa kuisogelea, na wateguzi wa mabomu huitwa.