Pembetatu Mbili za Datograph

Uso wa Datograph, kronografu (saa ya mkono yenye kipima muda) iliyotolewa mwaka 1999 na kampuni ya A. Lange & Söhne ya Glashütte, Ujerumani, unastahili kusomwa kama shairi la arudhi: umbo kwanza, maana baadaye. Kronografu nyingi huviweka viduara vyake kwenye mstari wa katikati, kimoja kulia na kingine kushoto, vikatukodolea kama macho. Hapa vimeshushwa hadi penye 4 na 8, na juu, penye 12, limekaa dirisha kubwa la tarehe lenye vidirisha viwili, mjukuu wa ile saa ya tarakimu iliyo juu ya jukwaa la jumba la opera la Dresden. Ala hizo tatu huunda pembetatu iliyosimama wima. Nambari za Kirumi nazo ni tatu tu, II, VI na X, nazo huunda pembetatu iliyopinduliwa, pembe zake zikiangukia katika nafasi zilizoachwa na ile ya kwanza.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kwenda hatua moja mbele, kwa kuwa sisi husoma saa kwa kuuvuka uso wake. Mshale mfupi ukielekea II twasema saa nane. Ukielekea X, saa nne. Ukielekea VI, saa kumi na mbili. Tazama basi kilichopo penye 8, 4 na 12: kiduara cha sekunde, kiduara cha kuhesabia dakika, dirisha la tarehe. Kila nambari iliyoandikwa, ikitamkwa kwa Kiswahili, hutaja mahali pa ala inayoikabili. Sidhani wabunifu wa Glashütte walikusudia hilo. Lakini uhakiki haufungwi na nia ya mtunzi, na ulinganifu huu umo ndani ya kazi yenyewe.

Mtambo wake, L951.1, unaoonekana kupitia kioo cha mgongoni, una arudhi yake pia. Katika kronografu nyingi mshale wa dakika huanza kunyemelea alama inayofuata kabla ya wakati, ukamwacha mpimaji akijiuliza kama dakika imetimia au bado. Hapa wenzo mdogo hupanda taratibu juu ya kipande chenye umbo la konokono kinachozunguka mara moja kwa dakika. Mzunguko ukitimia, wenzo huanguka, na mshale huruka papo hapo. Mizani hukusanyika kimyakimya, kisha kina hudondoka mahali pake.

Mwaka 2012 lilikuja toleo la Up/Down. Kasha lilikua kutoka milimita 39 hadi 41, akiba ya nguvu ya kamani ikapanda kutoka saa 36 hadi 60, na nambari za Kirumi zikaondolewa. Wapo wanaoliona toleo hilo kuwa safi zaidi, na hoja yao si dhaifu. Mimi ningetafuta la kwanza, kama mtu atafutavyo muswada wenye ubeti uliokatwa baadaye na mhariri. Katika toleo la Up/Down, pale palipokuwa na VI pamewekwa kipimo cha akiba ya kamani. Bado kinalikabili dirisha la tarehe, ila hakilitaji tena.